Sentimita Tano Kutoka Chini

Shazia ilikuwa yangu. Naanza na hilo ili nisije nikalizunguka huko mbele.

Kwa asiyeijua, shazia ni sindano kubwa ya kushonea mikeka na magunia. Yangu niliachiwa na mama yangu. Ilikuwa na tundu pana, na ncha yake ilikuwa imelika kwa kazi. Asubuhi lori la Operesheni Vijiji lilipofika Kang'ata kutuhamisha, nilikuwa nimekaa kizingitini naunganisha ukili wa mkeka wa mjukuu wangu Fatu. Tulikuwa tumeambiwa lori litakuja Jumatano. Likaja Jumatatu. Honi ilipolia nikaichomeka shazia kwenye ukili, nikauviringisha mkeka nilivyoukuta, nikautupa juu ya mizigo. Nilikuwa na kuku wa kukamata na mtama wa kufunga. Sikuikumbuka tena.

Binti yangu Mashavu alipanda lori na Fatu kifuani. Mume wake, Athuman, alikuwa kazini kwenye mashamba ya mkonge, hakuwepo. Penye korongo lori lilitumbukia, likaruka, na Mashavu akaanguka kwa nyuma, akakaa kwa kishindo juu ya ule mkeka.

"Mama, nimechomwa," alisema.

Halafu hakusema tena, maana mtoto alikuwa analia na yeye alikuwa anambembeleza.

Tulipofika kijiji kipya, mahali palipokuwa na vigingi vya viwanja na hapana hata nyumba moja, niliukunjua mkeka. Shazia ilikuwepo, lakini fupi. Ncha haikuwepo. Nilikitafuta kipande kile kwenye ukili mpaka vidole vikawasha, na moyoni nilikwisha jua kilipo. Nikakifunga kile kibaki, kipande chenye tundu, kwenye pindo la khanga, nikanyamaza.

Kwenye zahanati mganga alikiona kidonda kidogo chini kidogo ya kiuno, upande wa kushoto wa mgongo. Akakipaka dawa, kikafunga. Baada ya miezi miwili Mashavu akaanza kuuburuta mguu. Alikuwa akisema ganzi inashuka kama maji ya baridi kutoka nyonga hadi kidole gumba. Hakuweza tena kulalia mgongo. Zahanati wakampasua kidogo, wakatafuta, hawakuona kitu. Mganga yule, Mungu ambariki, hakujifanya anajua. Alisema, "Mama, nikiendelea kuchimba bila kuona nitaukata mshipa wa mguu, na binti yako hatatembea. Mpeleke kwenye hospitali yenye eksirei."

Basi tukaenda. Dereva wa lori la mbao alimtoa utingo wake mbele ili Mashavu apate kiti, lakini Mashavu hakuweza kukaa, akapiga magoti kwenye sakafu ya lori njia nzima, kichwa kakilaza kwenye kiti. Utingo alikaa nyuma juu ya mbao, juani, na kila tuliposimama alikuja kuuliza, "Mgonjwa anakunywa maji?" Sikulijua jina lake.

Hospitali ilikuwa ndogo, ya misheni, upande wa Korogwe. Ilikuwa na wodi mbili, jiko la ndugu wa wagonjwa, na jenereta iliyowashwa saa tatu asubuhi na kuzimwa saa saba mchana kwa ajili ya uhaba wa dizeli. Tulikaa pale siku kumi na tisa. Sitaki kuzieleza zote, zilifanana. Nilikuwa naamka, nateka maji, napanga foleni ya unga, napika uji, namnywesha Mashavu, namweka Fatu apate ziwa la mama yake huku mama kalala kiubavu akiuma meno, namtoa Fatu, namfunga mgongoni, nafua. Kisha nilikaa barazani na kuitazama miguu yangu. Ilikuwa imevimba, na nilikuwa sina nguvu hata ya kuihurumia.

Jikoni ndiko nilikompata Filomena, Mshambaa wa huko milimani, aliyekuwa akimuuguza mama yake aliyevunjika nyonga. Siku ya kwanza alinitazama nikipuliza moto wa kuni mbichi, akasema, "Nyie watu wa Handeni, jua lenu lote lile hamjajifunza kukausha kuni?"

"Na nyie wa milimani," nikamjibu, "ukungu wenu wote ule, bado tu mna maneno makavu."

Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akasukuma nusu ya kuni zake upande wa jiko langu, na tangu siku hiyo chumvi yake ilikuwa yangu.

Picha ya kwanza ya Mashavu ilipigwa siku ya tatu, kalala kifudifudi. Fundi wa picha aliitwa Hiza, mtu wa makamo, mwembamba, mwenye kofia ya kusuka mwenyewe. Alinionyesha ile filamu dirishani. Mifupa ilikuwa myeupe kama mihogo iliyomenywa, na katikati yake palikuwa na mstari mdogo mweupe, mnyoofu, urefu wa kucha.

"Hiyo hapo," alisema.

"Alhamdulillahi. Basi wamtoe."

"Bado, mama. Picha hii imenionyesha iko kushoto, na iko usawa wa mfupa huu. Haijanionyesha iko kina gani. Ni kama kutazama kisima kwa juu. Unauona mwezi ndani yake, hujui maji yako wapi."

"Si umpige kwa ubavuni?"

Akanitazama kwa namna ya mtu aliyefurahi kuulizwa. "Ndilo la kwanza nililojaribu. Nyonga ni nene kwa ubavuni na mashine yangu ni dhaifu. Tazama." Akanionyesha filamu nyingine. Ilikuwa ukungu mtupu. "Filamu hiyo nimeipoteza. Zimenibaki tatu, na za kutoka Tanga hazijulikani zitafika lini."

Nilipotaka kuondoka akaniita. Alikuwa amechukua fagio la mti refu, akalisimamisha wima, akaushika mpini katikati kwa mkono wa kushoto.

"Mama, tazama. Huku juu, chukulia ndiyo taa ya picha. Huku chini, chukulia ndiyo filamu. Mgonjwa yuko katikati." Kwa mkono wa kulia akausukuma mpini juu kwenda upande mmoja. Chini ukaenda upande wa pili. "Juu inakwenda huku, chini inakwenda kule. Ngumi yangu je?"

"Imetulia."

"Basi. Kilicho usawa wa ngumi ndicho picha itakachokiona wazi. Vilivyo juu ya ngumi na vilivyo chini yake vyote vitajipaka, kama wino uliopitiwa na kiganja kabla haujakauka. Nikishusha ngumi naona tabaka la chini. Nikipandisha naona la juu. Mtu ni mzima, sijamkata popote, lakini nachagua tabaka moja tu la mwili wake, kama kuusoma ukurasa mmoja wa kitabu kilichofungwa."

"Na mashine yako inajua hivyo?"

"Haijui," akasema. "Lakini mimi nimeona yenye kujua, nilipokuwa mafunzoni. Hii nitaifundisha."

Alimaliza siku tano kuifundisha. Aliomba ubao wa mninga kwa fundi seremala wa misheni, akautoboa matundu saba kwa msumari wa moto, kila tundu limepanda sentimita mbili na nusu juu ya lile la chini yake. Kichwa cha ubao alikifunga kwenye taa ya mashine, mkia wake kwenye sanduku la filamu chini ya meza. Kijiti cha chuma kilipita kwenye tundu moja na kuushikilia ubao kwenye nguzo ya pembeni. Tundu la kijiti ndilo lililokuwa ngumi. Alijaribu kwa boga alilolichomeka misumari, bila filamu, akipima kwa rula na uzi. Wauguzi walikuwa wakipita na kumcheka. "Fundi, boga linaendeleaje?" Naye alijibu, "Limelala vizuri, halina homa."

Siku ya kupiga alituita mapema. Tatizo likaja palepale. Mashavu hakutaka kulalia mgongo. Alikuwa amekaa wiki nyingi kifudifudi, na kidonda kile kilikuwa kama kaa la moto.

"Siwezi, Mama," alisema. "Nipigeni hivihivi."

Hiza alipiga magoti ili macho yake yawe usawa wa macho ya Mashavu. "Dada yangu, ukilala kifudifudi pumzi ya tumbo itakupandisha na kukushusha, na ukitikisika hata kidogo nimepoteza filamu. Ukilala chali mgongo wako utakaa mezani, utatulia wenyewe. Ni kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu. Mama yako atakushika mikono."

Akanivika aproni nzito kama gunia la chumvi. Akavua koti lake, akalikunja mara nne, akalitia chini ya magoti ya Mashavu ili mgongo upumzike. Mashavu akalala chali. Machozi yalimtoka kwa pembeni yakaingia masikioni, na mimi nilikuwa siwezi kuyafuta kwa kuwa mikono yangu yote miwili alikuwa ameishika yeye.

Hiza alitia kijiti tundu la nne, katikati. Akasukuma. Mashine ikanguruma, ubao ukalia kama mlango mkavu, ikawa imekwisha. Alikwenda kuisafisha filamu. Aliporudi niliisoma habari usoni mwake kabla hajasema.

"Mifupa ya katikati iko wazi," alisema. "Sindano ni moshi. Haiko kwenye tabaka hilo."

"Iko juu au iko chini?"

"Ndilo ninalojiuliza. Zimebaki mbili. Nikichagua vibaya nabaki na moja, na Filomena nimemwahidi moja kwa ajili ya mama yake."

Sindano huweza kutembea mwilini, alisema, na miezi zaidi ya miwili si michache. Alisimama anakitazama kile kijiti na hakukichomoa.

Hapo ndipo nilipofungua pindo la khanga. Sijui kwa nini ilinichukua siku zote zile. Nilikitoa kile kibaki cha shazia nikamwekea kiganjani, na nikasema, kwa sauti ya chini ili Mashavu asisikie, "Ndugu Hiza, ni yangu. Niliiacha kwenye mkeka. Ilikuwa ndefu kama kidole changu hiki cha shahada, na ilisimama wima. Iliingia moja kwa moja."

Hakuniambia pole wala hakunilaumu. Alikipima kibaki kwenye rula, akakipima kidole changu, akatoa hesabu kwa midomo. Akakigeuza, akauona uzi mweusi uliobaki kwenye tundu lake, akanirudishia kama mtu anayerudisha kitu cha heshima.

"Imeingia kidogo kuliko nilivyoogopa," alisema. "Basi nashuka chini."

Alitia kijiti tundu la pili. Akagonga meza kwa kifundo cha kidole, pale ubavuni mwa Mashavu. "Kutoka chini hapa, sentimita tano," alisema, kama anajiambia mwenyewe.

Picha ile nitaikumbuka nikiwa kaburini. Mifupa yote ilikuwa imejipaka, moshi mtupu, na katikati ya moshi ncha ya shazia ya mama yangu imekaa wazi, kali, ungeweza kuishika. Mwaka ule kila kitu nilichokijua kilikuwa kimesukumwa, cha juu huku na cha chini kule. Niliitazama kwa muda mrefu. Hiza hakuniharakisha.

Filamu ya mwisho alimpigia mama yake Filomena mchana uleule. Kisha akaketi, akaandika maelezo kwenye karatasi kwa Kiswahili, maana Kiingereza chake, alisema, kilikuwa cha kusomea vifaa tu. Karatasi akaiacha kwa daktari. Jioni zikamfikia habari kwamba shemeji yake amefariki, akaondoka kwenda milimani kuzika.

Daktari Valerian alirudi Ijumaa kutoka kliniki za vijijini. Alikuwa kijana, mpole, mwenye macho mekundu ya mtu asiyepata usingizi. Daktari mwingine hakuwepo. Wagonjwa wote wale walikuwa wake. Jumamosi saa nne alikuja kitandani kwa Mashavu na nesi Grasiana aliyebeba kidau cha wino.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Tumeiona sindano. Kazi imekuwa ngumu kuliko nilivyodhani, lakini tutaifanya leo hii kabla jenereta haijazimwa. Nitapitia tumboni."

Mashavu, aliyekuwa kalala kifudifudi, aliinua kichwa. "Tumboni? Si niliingiwa kwa nyuma?"

"Imetembea, dada. Iko upande wa mbele. Nikipita mgongoni nitachimba sentimita kumi na tano nikipishana na mishipa. Nikipita mbele ni tano. Tumbo litafunguliwa, utakaa hapa wiki kadhaa, na mtoto itabidi apewe maziwa ya kopo kwa muda."

Fatu alikuwa mgongoni kwangu. Nilimsikia anapumua.

Nesi akanishikia karatasi. "Bibi, dole gumba hapa. Wewe ndiye ndugu."

"Nitaandika jina."

"Haya, andika. Lakini upesi, bibi, jenereta haina subira."

Nilikuwa nimesoma kisomo cha watu wazima miaka miwili, Kang'ata, kila alasiri baada ya shamba, na mwalimu wetu alituapisha kwamba mtu hatii sahihi neno asilolisoma. Kwa hiyo nikaanza kusoma. Nasoma polepole, na midomo yangu husogea. Karatasi ya ruhusa ilikuwa imebanwa pamoja na karatasi ya Hiza, na ya Hiza ndiyo iliyokuwa juu.

"Hiyo si ya kusoma, mama," daktari alisema. Hakuwa mkali, alikuwa amechoka tu. "Ni ya chini yake."

Lakini nilikwisha fika. Ncha ya sindano. Sentimita tano kutoka chini.

"Chini wapi, daktari?"

"Chini, mama. Hapa." Akaonyesha kwa mkono, akaupitisha pale tumbo la Mashavu lilipogusa godoro.

Niliutazama mkono wake. Nikakumbuka mkono mwingine, kifundo cha kidole kikigonga meza. Nilikuwa naogopa kwamba ninalolifikiri ni ujinga. Mimi ni nani? Mtu huyu amesoma miaka mingi. Mimi nimesoma mpaka kitabu cha pili cha kisomo, na shazia ni yangu. Kama ningenyamaza, kosa lingekuwa la karatasi. Nikisema nikakosea, ningekuwa nimemdhuru mwanangu mara mbili.

"Daktari," nikasema, "alipopigwa picha alilala chali."

"Ndiyo, mama?"

"Sasa amelala kifudifudi. Tangu umjue wewe amelala kifudifudi. Lakini siku ile alilala chali, mikono yake nilikuwa nimeishika mimi. Chini yake ulikuwa mgongo."

Nesi Grasiana aliacha kutikisa kidau.

"Mama, eksirei umesomea wapi?" daktari akauliza.

"Sijasomea. Nimeona boga."

Mashavu alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, kicheko kidogo kilichozibwa na mto. "Msikilize, daktari," alisema. "Nililala chali. Maumivu yale siwezi kuyasahau nikasema nililala namna nyingine."

Daktari aliisoma tena karatasi. Hiza hakuwepo wa kuulizwa, na simu ya misheni ilikuwa imekufa tangu Pasaka. Alitazama saa. Ningemwelewa kama angesema hatuna muda.

"Twende," akasema.

Chumba cha picha kilikuwa kama tulivyokiacha. Ubao wa mninga ulikuwa bado umefungwa, na kijiti bado kiko tundu la pili. Nilimwonyesha jinsi kinavyokaa, na jinsi juu inavyokwenda huku na chini inavyokwenda kule. Alichuchumaa na rula, akapima kutoka meza hadi kijitini. Akapima mara ya pili. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitazamia. Alipanda mezani, na viatu vyake, akalala chali kama alivyolala Mashavu, akanyoosha mkono pembeni mpaka vidole vikagusa kile kijiti. Kilikuwa usawa wa mgongo wake, karibu kabisa na meza.

Alibaki amelala pale akitazama dari.

"Chini," alisema. Na tena, "Chini."

Nesi aliyekuwa mlangoni alijifunika mdomo.

Aliposhuka alijifuta vumbi kwenye suruali, akaja akasimama mbele yangu. "Ningemfungua tumbo bure," alisema. "Samahani sana, mama."

"Hukuwepo, mwanangu," nikamwambia. "Aliyeandika alikuwa na mgonjwa aliyelala chali. Wewe unaye aliyelala kifudifudi. Nyote mmesema kweli."

Walimwingiza saa tano kasoro. Nilikaa barazani na Fatu. Filomena alikuja na bakuli la viazi, akakaa karibu yangu, na kwa mara ya kwanza hakunitania. Nilikuwa nimechoka mpaka nikawa siombi kwa maneno. Nilikuwa nahesabu tu sauti ya jenereta, nikijua kwamba ikinyamaza kabla mlango haujafunguliwa ni shari. Viazi vilipoa. Fatu akalala, akaamka, akataka ziwa, nikampa kidole changu anyonye.

Mlango ulifunguliwa jenereta bado inanguruma. Daktari alikuwa na kichupa cha dawa mkononi, na ndani yake kitu kimelala, cheusi, kidogo, urefu wa kucha.

"Sentimita tano," alisema. "Mgongoni."

Nilikipokea. Nikamshika mkono, naye akaniacha nimshike muda niliotaka.

Jumatatu Hiza alirudi kutoka matangani, macho yamevimba. Alikuwa amekwisha sikia. Alikaa kwenye benchi la nje ya chumba chake, kofia mikononi. Nikakaa pembeni yake.

"Nilikosa, mama. Neno moja."

"Hukukosa. Neno liligeuka pamoja na mgonjwa."

"Ndiyo kukosa kwenyewe," alisema. Kisha akaingia ndani, akatoka na chaki. "Wewe ndiye uliyelisoma. Andika wewe, hapo mlangoni, kila anayeingia alione."

Nilikuwa sijawahi kuandika kitu nje ya daftari la kisomo. Niliandika kwa herufi kubwa, na herufi moja ilinikaa upande: USIANDIKE CHINI. ANDIKA MGONGO AU TUMBO. Hiza alirudi nyuma kuyatazama. Akasema herufi zangu ni nzuri kuliko zake, jambo ambalo halikuwa kweli.

Siku ya sita baada ya upasuaji nilikuwa kitandani kwa Mashavu namkanda mguu. Ganzi ilikuwa imepanda juu, alisema, inaondoka. Kidole gumba kilikuwa kinasikia baridi ya mikono yangu. Nikaona siwezi kuondoka pale na lile neno tumboni. Nikatoa kichupa na kile kibaki cha shazia, nikaviweka kwenye shuka, pamoja.

"Mashavu, mwanangu. Shazia hii..."

"Mama," akanikatiza. "Kijijini kwetu nani mwingine anashona ukili kwa uzi mweusi?"

Niliugusa ule uzi uliobaki tunduni.

"Nilijua tangu kwenye lori, uzi ulikuwa unaning'inia kwenye mkeka. Nilikuwa nangoja useme, nikaona unavimba miguu na husemi, nikakuacha." Akavichukua vile vipande viwili, akavikutanisha mwisho kwa mwisho, vikakaa. "Mkeka wa Fatu umebaki kiasi gani?"

"Kipande kidogo. Shibiri mbili."

"Tutakopa shazia ya Filomena. Wa milimani nao si wana shazia?"

"Wanazo," Filomena akasema kutoka kitanda cha pili, "ila sisi tukimaliza kazi tunazichomoa."

Mashavu akacheka, akajishika kidonda. Kisha akavirudisha vipande mkononi mwangu, akaweka viganja vyake godoroni, akaanza kujigeuza. Nilinyoosha mikono nimsaidie, akatikisa kichwa. Alijigeuza kidogo kidogo, nyonga kwanza, bega baadaye, uso umekunjamana, mpaka mgongo wake wote ukakaa juu ya godoro. Akapumua.

"Nipe mtoto," alisema.

Nilimfungua Fatu mgongoni nikamlaza kifuani kwa mama yake, naye akalitafuta ziwa mwenyewe. Mimi nikakaa kwenye kigoda, nikaegemeza kichwa kwenye chuma cha kitanda. Jenereta ilikuwa imezimwa. Nilitaka kuwaangalia kidogo zaidi, lakini usingizi ulinichukua nimekaa vilevile, na baadaye nikaambiwa kwamba hakuna aliyeniamsha, na kwamba nesi Grasiana ndiye aliyenipikia uji wa mgonjwa siku ile.